Kuunda na Kuchakaza Modeli ya DUKW, Lori la Vita la Nchi Kavu na Majini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya waundaji wa modeli walioko Dar es Salaam, ambako joto, unyevu wa bahari na ugumu wa kupata vifaa maalumu hubadilisha sehemu kubwa ya ushauri unaofaa kwingineko. Mkazo umewekwa kwenye uchakazaji, yaani kuifanya modeli ionekane imetumika na kuchakaa kama gari halisi, kwa kuwa hapo ndipo modeli nyingi za gari hili hupoteza ukweli wake.

DUKW ni gari gani hasa?

Ni lori la magurudumu sita lililosanifiwa Marekani mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa kuchukua mitambo ya lori la jeshi la GMC la tani mbili na nusu na kuivika bodi ya chuma yenye umbo la boti. Usanifu wake uliongozwa na Rod Stephens wa kampuni ya usanifu wa mashua ya Sparkman & Stephens, akishirikiana na Mwingereza Dennis Puleston na mhandisi Frank Speir. Lina urefu wa takriban mita 9.45 na upana wa mita 2.5, na uzito wake bila mzigo ni karibu tani sita na nusu. Barabarani liliweza kufikia kilomita 80 kwa saa, na majini takriban kilomita 10 kwa saa, likisukumwa na propela moja iliyowekwa nyuma chini ya bodi. Wakubwa wa jeshi hawakulipokea kwa moyo mweupe hadi Desemba 1942, pale boti ya doria ya walinzi wa pwani ilipokwama mchangani wakati wa dhoruba huko Provincetown, jimbo la Massachusetts, na lori mojawapo la majaribio likaenda kuwaokoa mabaharia wake saba. Baada ya hapo yalitengenezwa zaidi ya 21,000, yakatumika Sicily Julai 1943, Normandy Juni 1944, na katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki.

Muundaji wa modeli anapaswa kukumbuka jambo moja tangu mwanzo: bamba la bodi yake ni jembamba, kati ya milimita 1.6 na 3.2, na halina kinga dhidi ya risasi. Kwa hiyo mikwaruzo, mibonyeo na mikunjo midogo ya bamba ni sehemu ya sura yake, wakati mashimo makubwa yenye kingo nene, ambayo baadhi ya watu huyaiga kutoka kwenye modeli za vifaru, hayana nafasi hapa.

Nichague kipimo gani?

Kampuni ya Italeri imetoa seti ya 1/35 (modeli ndogo mara 35 kuliko gari halisi) na ya 1/72, na Airfix imetoa ya 1/76. Katika 1/35 modeli hufikia sentimita 27 kwa urefu, na katika 1/72 ni kama sentimita 13. Kwa anayetaka kujifunza uchakazaji, ninapendekeza 1/35 bila kusita, kwa sababu mstari wa maji, alama za chumvi na mikwaruzo ya sitaha vinahitaji eneo la kutosha ili vionekane kuwa mambo matatu tofauti. Vipimo vidogo vinamfaa mwenye nia ya kuonyesha ufukwe mzima wenye magari mengi.

Vifaa vinapatikana wapi Dar es Salaam?

Seti zenyewe wengi wetu huziagiza nje, au humwomba ndugu anayesafiri. Vitu vingine vinapatikana mjini kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Maduka ya vifaa vya ujenzi na vya magari Kariakoo yana msasa wa maji wa namba 400 hadi 2000, supagluu, visu, koleo ndogo na tapentaini. Maduka ya vifaa vya sanaa na vya shule yana rangi za mafuta za wachoraji katika tyubu, chaki za rangi, gundi nyeupe na brashi nyembamba. Rangi nne za mafuta zinatosha kwa modeli nzima: nyeupe, nyeusi, kahawia iliyokolea na manjano ya udongo.

Kuna tahadhari moja isiyopaswa kupuuzwa. Thina ya rangi za magari, ile wanayotumia mafundi wa gereji, huyeyusha plastiki ya modeli mara moja, hivyo isitumike kupunguza rangi wala kusafishia modeli. Puti ya magari inafaa kuzibia mapengo, mradi ipakwe kwa tabaka jembamba na isuguliwe ikiwa imekauka kabisa.

Niamue nini kabla ya kukata kipande cha kwanza?

Amua mahali, mwezi na kazi ambayo lori lako linafanya. Magari ya mwanzo yalikuwa na kioo cha mbele kilichosimama wima, na ya baadaye yalikuwa na kioo kilicholala kwa nyuma. DUKW lilikuwa pia gari la kwanza kumwezesha dereva kubadili upepo wa matairi akiwa ameketi kwenye kiti chake, ili kuupunguza anapopita kwenye mchanga laini na kuuongeza anapofika barabarani. Mfumo huo haukuwamo katika magari ya mwanzo kabisa, na katika picha nyingi za magari yaliyofuata yanaonekana mabomba ya hewa yakifika hadi kwenye kitovu cha gurudumu. Tafuta picha moja ya wakati wa vita, iweke mezani, na ufuate hiyo. Magari yaliyohifadhiwa makumbusho au yaliyogeuzwa kuwa ya kutembeza watalii baada ya vita si mwongozo mzuri, kwa kuwa mengi yamebadilishwa viti, vioo na rangi.

Uamuzi huo ndio utakaoongoza pia uchafu wote utakaopaka baadaye. Lori lililotoka melini dakika kumi zilizopita halifanani na lililokwishapeleka risasi bohari ya nyuma ya ufukwe na linarudi majini kuchukua mzigo mwingine.

Ni hatua gani ya kuunganisha inayosumbua zaidi?

Kwa kawaida bodi huja katika vipande viwili vikubwa, cha chini na cha juu, na kiungo chake huzunguka gari lote. Vijaribu pamoja bila gundi, vifunge kwa mipira ya ofisini, na uangalie kama vimepinda, kwa kuwa plastiki ndefu hupinda katika safari, hasa kasha likikaa juani. Gundisha sehemu fupi kwa zamu, ukisubiri kila moja ishike. Chasisi, propela na usukani wa majini vipakwe rangi ya msingi kabla ya kufunikwa na mfereji wa propela, kwani baadaye brashi haifiki huko.

Sehemu ya mizigo nayo ipakwe na kuchakazwa kabla ya kuweka mataruma ya turubai. Turubai lenyewe ni afadhali litengenezwe kwa karatasi laini ya tishu iliyolowekwa kwenye gundi nyeupe na maji. Kitambaa cha kanga, hata kikiwa chepesi, kina nyuzi nene mno katika kipimo cha 1/35.

Kwa nini supagluu huacha ukungu mweupe kwenye kioo?

Supagluu hukauka kwa msaada wa unyevu uliomo hewani, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo hapa hushika haraka na mvuke wake hutua kwenye plastiki angavu. Kioo cha mbele kibandikwe kwa gundi nyeupe ya maji, ambayo ikikauka huwa haionekani.

Je, ninaweza kupaka rangi wakati wa masika?

Unaweza, lakini chagua rangi kwa uangalifu. Rangi za kunyunyizia zenye kiyeyusho kikali hukauka kwa kasi, na mvuke unapotoka hupoza uso wa modeli kiasi cha kuvuta unyevu wa hewani, ndipo rangi inapogeuka kuwa na utando mweupe unaofanana na maziwa yaliyochujwa. Kati ya Machi na Mei ninashauri rangi za akriliki zinazopunguzwa kwa maji, zipakwe adhuhuri chumba kikiwa na mzunguko wa hewa. Miezi ya Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma na hewa ikiwa kavu zaidi, hata rangi zenye kiyeyusho hukubali.

Anayetumia brashi ya hewa lazima aweke kichujio cha maji kwenye mpira wa kompresa. Bila kichujio hicho, maji hukusanyika ndani ya mpira na kutemwa kama matone katikati ya kazi. Rangi za mafuta nazo huchukua siku kadhaa kukauka vyema. Usizikaushe juani, maana joto la dirishani linaweza kupinda sitaha.

Rangi sahihi ni ipi, na nifanyeje nikikosa ya dukani?

Magari ya jeshi la Marekani yalipakwa kijani cha zeituni kilichofifia, kisichong'aa. Waingereza walipokea takriban magari 2,000, na mwaka 1944 rangi yao rasmi ilikuwa ya kijani cha zeituni pia, iliyojulikana kwa namba SCC 15, baada ya miaka ya kutumia kahawia ya SCC 2. Habari njema kwa aliyekosa chupa ya dukani ni kwamba kijani hicho cha Kimarekani kwa asili kilipatikana kwa kuchanganya manjano ya udongo na nyeusi. Ukianza na manjano ya udongo ya akriliki na kuongeza nyeusi kidogo kidogo, utaona kijani kikijitokeza chenyewe. Kiangaze kwa krimu kidogo, kwa kuwa kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa chenye rangi ileile.

Usipake gari zima kwa rangi moja tambarare. Tabaka la kwanza liwe jeusi kidogo, kisha katikati ya kila bamba na juu ya sitaha ongeza rangi iliyoangazwa, kwa sababu ndiko jua hupiga. Pande za chini ya tumbo ziachwe na giza lake.

Stika za maji hazishiki vizuri. Kwa nini?

Rangi isiyong'aa ina vinyweleo vinavyonasa hewa chini ya stika. Paka vanishi ya kung'aa mahali pa nyota nyeupe na namba, bandika, sukuma maji kwa pamba, halafu funika kwa vanishi isiyong'aa. Seti ikiwa imekaa muda mrefu bandarini au ghalani, jaribu kwanza stika usiyoihitaji.

Nianze wapi kuchakaza?

Anza kwa kuigawa bodi kulingana na namna gari lilivyoishi. Hapa ninaomba msomaji asiharakishe, kwa kuwa jibu hili ndilo lililofanya ukurasa huu uandikwe.

DUKW lilifanya kazi kwa mzunguko: lilipakiwa ubavuni mwa meli, likaelea hadi ufukweni, likapanda mchanga, likaenda bohari, likashusha, likarudi baharini. Kila mzunguko uliosha kitu na kuacha kitu. Tope zito linalogandamana kwenye malori ya kawaida halikudumu chini ya bodi hii, maana bahari ililiosha. Kilichobaki ni mchanga mwembamba uliojificha kwenye pembe za mataruma ya magurudumu, juu ya ekseli na nyuma ya bamba la kuzuia mawimbi. Kwa hiyo usipake tope sare kuanzia chini hadi katikati ya bodi, kama inavyofanywa kwa malori ya nchi kavu, kwani ukifanya hivyo utakuwa umelinyima bahari gari la baharini.

Tazama kwanza mstari wa maji. Lori lililobeba mzigo lilizama kiasi cha kuacha sehemu ndogo tu ya bodi juu ya maji, na likiwa tupu lilielea juu zaidi. Ndiyo maana hakuna mstari mmoja uliochorwa kwa rula. Kuna ukanda wenye kingo mbili au tatu zisizo wazi, mzito zaidi mbele ambako wimbi hupiga. Changanya nyeupe, manjano ya udongo na kahawia kidogo ya rangi za mafuta, ipunguze kwa tapentaini, paka mstari uliovunjikavunjika, subiri dakika chache, kisha uvute chini kwa brashi pana iliyokaribia kukauka. Rudia katika urefu tofauti kidogo.

Halafu fuata maji yanayotoka. Pampu za gari hili zilikuwa na nguvu ya kuliwezesha kuendelea kuelea hata bodi ikiwa imetobolewa, na maji yake yalitokea kwenye matundu maalumu. Chini ya kila tundu la kutolea maji weka michirizi michache mirefu, mingine safi iliyooshwa, mingine yenye kutu hafifu. Michirizi mingine ianzie kwenye pembe za sitaha, kwenye bawaba na kwenye pete za kufungia kamba. Michirizi yote ishuke wima, isipokuwa ile ambayo upepo au mwendo wa gari ungeipindisha nyuma.

Sitaha na kingo za sehemu ya mizigo zilikanyagwa na buti, zikaburuzwa masanduku na nyavu za kupakulia. Tumia kipande cha sponji kilichochovywa rangi ya kijani iliyoangazwa, ukipige kwanza kwenye karatasi hadi kikaribie kukauka, kisha gusa kingo tu. Baada ya hapo, ndani ya baadhi ya alama hizo, weka nukta za kahawia iliyokolea kwa brashi ya ncha moja. Alama ziwe nyingi pale mguu unapokanyaga kupanda, na zipungue haraka kuelekea pembeni. Propela na kingo za usukani wa majini ziachwe na mng'ao wa chuma, kwa kuwa mchanga wa kina kifupi uliyasugua.

Vumbi huja mwisho, na kwa lori lililofika bohari tu. Saga chaki ya rangi ya mchanga, ipake kwa brashi kavu kwenye matairi na sehemu za nyuma, na uishikize kwa tone la tapentaini.

Chumvi ionekane vipi?

Chumvi iliyokauka ni utando mwembamba wa kijivu cheupe, unaojikusanya kwenye viungio na chini ya vichwa vya skrubu, wala haitandi kama chokaa. Chaki nyeupe iliyosagwa na kuchanganywa na tapentaini nyingi hutoa matokeo mazuri: ikiwa mbichi haionekani, na ikikauka hujitokeza, kwa hiyo paka kidogo na usubiri kabla ya kuongeza.

Mwalimu mzuri yuko karibu. Nenda Magogoni uangalie malori yanayoshuka kwenye kivuko cha Kigamboni, kisha utembee hadi soko la samaki la Feri utazame boti zilizovutwa mchangani. Angalia mahali chumvi inapoanzia, inapokatika na inapokutana na kutu. Ukitaka kupiga picha, omba ruhusa kwa wenye vyombo, na usielekeze kamera kwenye eneo la bandari au la jeshi.

Niweke kutu kiasi gani?

Kidogo kuliko utakavyoona Feri. Boti na minyororo ya hapa imekaa kwenye chumvi kwa miaka mingi, wakati lori lililotua Normandy Juni 1944 haliwezi kuwa na umri unaozidi miaka miwili, na lilihudumiwa na askari waliojua kwamba maisha yao yanategemea bodi isiyovuja. Mkwaruzo mpya kwenye maji ya chumvi huota kutu ya rangi ya chungwa katika muda mfupi, hivyo nukta ndogo za chungwa zinaruhusiwa. Mabaka makubwa ya kahawia yenye magamba yaachiwe mabomba ya moshi, au modeli ya gari lililotelekezwa.

Nipakie mzigo gani?

Uwezo wake ulikuwa tani mbili na nusu, au askari wapatao 24. Pakia masanduku ya risasi, madebe ya mafuta au machela, lakini usirundike. Asubuhi ya Juni 6, 1944, katika ufukwe wa Omaha huko Normandy, kikosi cha 111 cha mizinga cha Marekani kilipoteza karibu mizinga yake yote ya milimita 105 kwa sababu malori ya DUKW yaliyoibeba, pamoja na risasi, mifuko ya mchanga na askari, yalizidiwa na bahari iliyochafuka. Katika operesheni hiyohiyo malori manne yalifungwa ngazi ndefu za zimamoto za London kwa ajili ya kupanda miamba ya Pointe du Hoc. Anayependa changamoto ya kujiundia vipande atapata kazi nzuri hapo.

Ninataka kuweka askari wa Tanganyika kwenye mandhari yangu. Inafaa?

Nia hiyo ni ya heshima, na historia inaitosheleza ikifuatwa kwa makini. Batalioni za 26 na 36 za KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), zilizotoka Tanganyika, zilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma mwaka 1944, ikashuka bonde la Kabaw na kuvuka mto Chindwin Desemba mwaka huo. Usiwaweke askari hao ndani ya DUKW mpaka uwe na picha inayothibitisha tukio lenyewe. Pasipo picha hiyo, waundie lori la kawaida au kivuko cha mtoni, nao watapata haki yao bila kubuniwa jambo.

Je, mchanga wa Coco Beach unafaa kwa mandhari?

Haufai moja kwa moja. Punje ya nusu milimita, katika kipimo cha 1/35, inalingana na kokoto ya takriban milimita 17. Osha mchanga kwa maji baridi mara kadhaa ili chumvi itoke, maana chumvi iliyobaki huvuta unyevu na kutoa madoa meupe miezi baadaye. Uanike, kisha uchekeche kwa soksi ndefu ya nailoni na utumie unga uliopita. Mchanga uliolowa karibu na maji uwe na rangi iliyokolea na vanishi ya kung'aa kidogo, na alama za matairi zikandamizwe kabla gundi haijakauka, kwa kutumia magurudumu ya modeli yenyewe. Matairi yaliyopunguzwa upepo yasuguliwe chini kidogo kwa msasa ili yaonekane yamejitandaza.

Mawimbi madogo hutengenezwa kwa tishu na gundi nyeupe, yakapakwa rangi na kufunikwa kwa tabaka kadhaa za vanishi ya kung'aa, kila moja ikisubiri nyingine ikauke.

Nihifadhije modeli iliyokamilika?

Iweke ndani ya kasha la kioo au la plastiki angavu, mbali na dirisha linalopigwa jua na mbali na upepo wa moja kwa moja wa feni, ambao huleta vumbi halisi juu ya vumbi ulilolipaka. Weka kipakiti cha kukausha unyevu ndani ya kasha na ukibadilishe kila masika inapomalizika.